Bakuli, Kijiko na Kikombe cha Mtoto



Leo tujifunze juu ya vyombo vya mtoto anayeanza kula. Labda mwenzetu mmoja atasema: "Aa, vyombo! Hilo nalo ni somo? Si anatumia vilevile vya nyumbani?" Ni somo, ndugu. Soma mpaka mwisho, kisha uamue mwenyewe.

Tuanze na hesabu. Mwaka 2022 ulifanyika utafiti wa afya katika nchi nzima ya Tanzania. Katika Mkoa wetu wa Kagera ilionekana kwamba, kwa kila watoto 100 walio chini ya miaka 5, watoto 34 walikuwa wamedumaa. Kwa nchi nzima walikuwa 30 katika kila 100. Mtoto aliyedumaa ni mfupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wake. Lakini si urefu tu unaopungua. Huugua mara kwa mara, na akienda shule kujifunza kunamwia vigumu.

Sasa tujiulize. Bukoba na Muleba si nchi ya jangwa. Mgomba uko mlangoni. Maharage yameota chini ya mgomba. Parachichi zinaanguka zenyewe. Dagaa wanatoka ziwani. Basi watoto hawa 34 wanadumaa kwa nini?

Sababu ni nyingi. Kuna maradhi, kuna maji machafu, kuna kazi nyingi zinazomwelemea mama, kuna mimba zinazofuatana. Lakini sababu moja iko mikononi mwetu kila siku: chakula kiko chunguni, lakini hakimfikii mtoto. Au kinamfikia kidogo mno, au kimejaa maji, au kimebeba uchafu. Chombo ndicho njia ya chakula kutoka chunguni hadi tumboni mwa mtoto. Njia ikiwa mbaya, mzigo haufiki.

LINI MTOTO AANZE KULA?

Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6. Asipewe maji, wala uji, wala juisi, isipokuwa dawa aliyoandikiwa na mganga. Akitimiza miezi 6, maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena. Hapo aanze kula, huku akiendelea kunyonya mpaka afikishe miaka 2 au zaidi.

Kwa hiyo vyombo vyake vitayarishwe kabla hajatimiza miezi 6, kama mkulima anavyotafuta jembe kabla ya mvua. Vyombo vyenyewe ni vitatu tu: bakuli, kijiko na kikombe.

1. BAKULI LAKE MWENYEWE

Katika nyumba zetu nyingi watu hula pamoja. Matoke huwekwa kwenye jani la mgomba au sinia, watu wakazunguka. Hiyo ni desturi nzuri, inajenga undugu. Lakini tumtazame mtoto wa miezi 10 katika mzunguko huo.

Tuseme watu ni saba. Wakubwa wana mikono mirefu na meno makali. Mtoto anashika tonge moja, analichezea, nusu linaanguka. Wakati analitafuta lile lililoanguka, chakula kimekwisha. Jioni mama akiulizwa, "Mtoto amekula?" anajibu, "Amekula, tulikula naye." Lakini amekula kiasi gani? Hakuna anayejua.

Hii ndiyo kazi ya bakuli. Bakuli ni kipimo. Ukimpakulia mtoto katika bakuli lake, unaona ulichompa, unaona alichokula, unaona alichobakiza. Leo akibakiza nusu, unajua. Akibakiza siku tatu mfululizo, unajua kwamba mtoto haumwi njaa bali anaumwa ugonjwa, na unampeleka zahanati. Ukiwa na mapacha, kila mmoja awe na bakuli lake.

Bakuli liwe la ukubwa gani? Linalofaa ni lile linalojaa robo lita, yaani mililita 250. Utalipimaje? Chukua chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita iliyo safi. Ijaze maji, kisha gawa maji yale mara mbili sawasawa. Sehemu moja ni robo lita. Mimina katika bakuli uone yanafika wapi. Hapo umepata kipimo chako.

Sasa soma jedwali hili dogo:

Miezi 6: anza na vijiko vikubwa 2 au 3 kwa kila mlo, uongeze polepole.
Miezi 6 hadi 8: mara 2 au 3 kwa siku, ukiongeza mpaka afikie nusu bakuli kila mlo.
Miezi 9 hadi 11: mara 3 au 4 kwa siku, nusu bakuli kila mlo.
Miezi 12 hadi 23: mara 3 au 4 kwa siku, robo tatu ya bakuli mpaka bakuli zima.

Katikati ya milo apate kitu kidogo, kama ndizi mbivu, papai au kipande cha parachichi. Na maziwa ya mama yaendelee.

2. KIJIKO

Kijiko kiwe kidogo, kama kile cha chai. Kingo zake ziwe laini. Pitisha ulimi wako ukingoni. Kikikukwaruza wewe mtu mzima, je, ufizi wa mtoto? Kijiko cha mti kinafaa kikiwa laini na hakina nyufa, kwa maana katika nyufa uchafu hujificha.

Kijiko kina faida nyingine ambayo wengi hawaifikirii: kinapima uzito wa chakula. Chota uji au matoke yaliyopondwa, kisha inamisha kijiko. Chakula kikitiririka kama maji, ni chepesi mno. Kikishika kijiko na kudondoka polepole, kinafaa.

Kwa nini tunasisitiza uzito? Kwa sababu tumbo la mtoto ni dogo. Ukilijaza maji, limejaa kweli, na mtoto atanyamaza. Lakini baada ya muda mfupi analia tena, maana maji hayajengi mwili. Uji mwembamba humdanganya mama na humdanganya mtoto pia.

Kuna nyumba ambazo mtoto hulazwa mapajani, uji ukamiminwa mdomoni kwa kiganja, pengine akibanwa pua ili ameze. Tabia hiyo tuiache kabisa. Uji unaweza kuingia kwenye mapafu na kumwua mtoto. Tena mtoto anayelishwa kwa nguvu huchukia chakula. Mkalishe wima, mtazamane. Peleka kijiko mdomoni, ngoja afungue. Zungumza naye, mchekee. Akigeuza uso, pumzika kidogo, kisha mjaribu tena. Akitaka kushika kijiko mwenyewe, mpe kingine ashike. Atajichafua, ndiyo, lakini anajifunza.

3. KIKOMBE

Kikombe ni cha maji, maziwa na vinywaji vingine. Kiwe kidogo, kisicho na kifuniko, chenye mdomo mpana. Kipimo ni hiki: mkono wako ukiwa na sabuni uweze kufika mpaka chini ndani yake. Kama mkono haufiki, usinunue.

Wengine wanasema mtoto mdogo hawezi kunywa kwa kikombe. Anaweza. Hata mtoto mchanga, ambaye mama yake amekwenda shamba au ni mgonjwa, anaweza kupewa kwa kikombe maziwa yaliyokamuliwa kutoka kwa mama yake. Mshike mtoto akiwa wima. Gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, inamisha kidogo mpaka maziwa yaguse mdomo wake. Usimimine. Mwache ayalambe na kuyavuta mwenyewe.

KWA NINI HATUKUTAJA CHUPA?

Mwenzetu atauliza: "Mbona chupa ya kunyonyesha hamkuitaja? Naiona madukani, tena ya rangi nzuri." Swali zuri. Hatukuitaja kwa sababu tunataka ibaki hukohuko dukani.

Kwanza, chupa haisafishiki kwa urahisi. Shingo yake ni nyembamba. Chuchu yake ina kona na tundu dogo, maziwa yanaganda humo. Chupa ikitumika ni lazima ioshwe kwa brashi yake, na kisha ichemshwe, kila mara. Mtoto akila mara tano ni kuchemsha mara tano. Nani mwenye kuni hizo? Nani mwenye nafasi hiyo wakati wa kuchuma kahawa? Siku ya kwanza utachemsha, siku ya kumi utasuuza tu. Siku hiyo kuhara kunaingia.

Pili, uji mzito haupiti kwenye chuchu. Basi mtu afanyeje? Anaongeza maji. Au anachoma sindano motoni na kulipanua tundu. Ndipo mtoto anashiba maji, kama tulivyoeleza.

Tatu, mtoto aliyezoea chuchu ya mpira anaweza kukataa ziwa la mama. Asiponyonya sana, maziwa ya mama nayo yanapungua.

Jambo hili si letu peke yetu. Mwaka 1977 watu wa Marekani walianza kugomea bidhaa za kampuni ya Nestlé kwa sababu ya jinsi maziwa ya kopo yalivyokuwa yakitangazwa katika nchi maskini. Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia maziwa hayo, pamoja na chupa na chuchu zake, yasitangazwe kwa watu. Tanzania nayo iliweka kanuni zake mwaka 1994. Kwa hiyo mtu akija kijijini na kuwapa mama chupa za bure, msimshangilie. Mwulizeni amepata wapi ruhusa, na mwambieni Bwana Afya.

Jambo jingine ni la siri, lakini tulitaje. Mkoa wetu uliona wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania, mwaka 1983. Wapo mama wanaoishi na virusi ambao huiona chupa kuwa ndiyo salama. Mama wa namna hiyo asiamue peke yake, wala asiamuliwe na majirani. Aende kliniki. Siku hizi kuna dawa, na mama anayezimeza kila siku kama alivyoelekezwa huweza kunyonyesha akiongozwa na waganga.

JANI LA MGOMBA NA VYOMBO VYA JIKONI

Bakuli zuri likiwekwa chakula kibaya halisaidii. Matoke peke yake yanashibisha, lakini hayana vya kutosha vya kujenga mwili. Yanahitaji wenzake: maharage, dagaa, karanga, maziwa au mayai, pamoja na mboga za majani na mafuta kidogo au parachichi.

Majirani zetu wa Uganda nao ni watu wa ndizi. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, kuna kituo kiitwacho Mwanamugimu ambacho kimefundisha mama tangu miaka ya 1960. Chakula cha mtoto cha mchanganyiko huko kinaitwa kitobero. Ndizi, maharage au karanga au samaki, na mboga, hufungwa pamoja katika jani la mgomba. Kifurushi hicho huwekwa juu ya matoke ya nyumba nzima, vyote vikaiva kwa moto mmoja. Kisha huponda na kumpa mtoto.

Tazama faida yake. Hakuna sufuria ya pili, hakuna kuni za ziada, na chakula cha mtoto kimetengwa tangu jikoni. Sisi nasi tuna majani hayo, na tunajua kufunika chungu kwa majani. Kinachotakiwa ni kifurushi kimoja tu juu yake.

Vyombo vingine vya jikoni tayari unavyo. Kwa maharage: yaloweke usiku kucha, yachemshe mpaka yalainike sana, yaponde kwa mwiko, kisha pitisha kwenye chujio ili maganda yabaki. Kwa dagaa: ondoa vichwa na mchanga, waoshe, wakaange bila mafuta mpaka wakauke, watwange kwenye kinu, chekecha. Weka unga huo katika kopo safi lenye kifuniko. Kijiko kimoja cha unga wa dagaa katika matoke ya mtoto ni msaada mkubwa.

Tuonye jambo moja juu ya chupa ya chai. Wengine huweka uji wa mtoto humo tangu asubuhi mpaka jioni ukiwa vuguvugu. Huo uvuguvugu ndio wadudu wa maradhi wanaoupenda. Uji uliopikwa utumike kabla ya saa mbili kupita. Mabaki ya bakulini yasirudishwe tena kwa mtoto.

KUOSHA VYOMBO

Fuata hatua hizi:

Kwanza, nawa mikono kwa sabuni, na mtoto naye umnawishe. Kibuyu chirizi mlangoni kinatosha.
Pili, osha bakuli, kijiko na kikombe kwa maji safi na sabuni mara tu baada ya mlo, kabla chakula hakijagandamana.
Tatu, suuza kwa maji safi.
Nne, anika kwenye kichanja juani, vyombo vikiwa vimeinamishwa. Usifute kwa khanga uliyofungia mzigo.
Tano, vikikauka, vifunike mahali ambapo nzi, kuku na panya hawafiki.

Maji ya kunywa ya mtoto yachemshwe. Hili tunawaambia hasa wenzetu wa visiwa vya Muleba, kama Bumbire, Ikuza na Goziba. Maji ya ziwa yanaonekana meupe, lakini hayo meupe si usafi.

SIKU YA GULIO

Baba naye ana kazi hapa. Mara nyingi yeye ndiye anayeshika fedha ya kahawa na kwenda gulioni. Akumbuke haya:

Bakuli la plastiki ngumu ni jepesi na halivunjiki. Likishakwaruzwa sana ndani, libadilishwe.
Bakuli la bati lenye rangi ni zuri likiwa zima. Likibanduka rangi, lina kutu na kingo kali.
Bakuli la kioo au la udongo husafishika vizuri, lakini linavunjika. Mtoto asiachiwe peke yake.

Na hili ni la kufa na kupona: usimpe mtoto chombo kilichowahi kuwekwa dawa ya kunyunyizia kahawa, dawa ya mifugo au rangi ya nyumba. Usiseme, "Nimekiosha mara kumi." Sumu haitoki kwa kuosha. Kopo la namna hiyo lisitumike hata kuchotea maji.

Kama fedha haitoshi vyombo vitatu vipya, chagua kati ya vile vilivyomo nyumbani. Bakuli dogo zima, kijiko kimoja na kikombe kimoja. Vitenge, vitie alama, waambie watu wote wa nyumba: "Hivi ni vya mtoto." Tusiseme hatuna uwezo kabla hatujatazama kabatini.

Tena mtoto apelekwe kliniki kila mwezi akapimwe uzito. Bakuli linakuonyesha alichokula, na kadi ya kliniki inakuonyesha kama chakula kile kimejenga mwili.

TUYAFANYIE KAZI

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakarudi nyumbani na kutenda. Nasi tufanye hivyohivyo. Asomaye amsomee mwenzake, hasa bibi wa mtoto na dada anayebaki naye nyumbani, maana hao ndio wanaoshika kijiko mama anapokwenda shamba.

Maswali ya kujadili:

1. Kwa nini mtoto awe na bakuli lake mwenyewe?
2. Utajuaje kwamba uji wa mtoto ni mzito wa kutosha?
3. Taja hatari tatu za chupa ya kunyonyesha.
4. Mtoto wa miezi 8 anakula mara 3 kwa siku, nusu bakuli kila mlo. Bakuli zima ni mililita 250. Anakula mililita ngapi kwa siku? (Jibu: 125 mara 3 ni 375.)
5. Katika kijiji chenu, nani humlisha mtoto mama akiwa shambani? Je, somo hili amelisikia?

Kazi ya kufanya wiki hii: pima bakuli moja la nyumbani kwa robo lita, litie alama, na lianze kazi leo jioni.